Mfuko wa Kuzalia

Kufikia saa mbili asubuhi Nadine alikuwa ameufunga na kuufungua mfuko ule mara nne. Mama mkwe wake, Emilienne, alizihesabu zote nne kutoka jikoni, alikokuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, iliyokwisha kutwangika zamani.

Haukuwa mfuko wa ajabu. Ni ule wa plastiki wenye mistari na zipu, ambao nusu ya kijiji cha Wamaza husafiria na nusu nyingine huwekea mihogo mikavu. Nadine anatoa kila kitu juu ya mkeka, anakitaja kwa jina kama mwalimu anayeita wanafunzi: sabuni, nyembe mbili mpya, pamba, glavu, mpira wa kutandika kitandani, vitenge vitatu, fishi, ile kadi ya kliniki. Halafu layeti, yaani nguo zenyewe za mtoto: kofia, soksi, mashati mawili madogo, blanketi. Anarudisha vyote, anavuta zipu, anakwenda hatua tatu, anasimama, anarudi kufungua. Mimba yenyewe ilikuwa kubwa, na kila kuinama kulimgharimu pumzi. Muuguzi alikuwa amemwambia akangoje siku zake Kasongo, karibu na hospitali, na Emilienne ndiye angekwenda naye kumpikia na kumfulia. Pitchou, mwenye pikipiki, aliahidi kuwapitia saa tatu.

Sasa, ukimwuliza mtu yeyote wa Wamaza kwa nini Nadine anahesabu hivyo, atakujibu bila kumung'unya maneno: kwa sababu ndiye yule aliyesahau. Miaka miwili nyuma alikwenda kujifungua katika mvua za mwezi wa kumi na moja, akafika kituo cha afya amelowa, vitenge vimelowa, na muuguzi alipoomba nguo za mtoto, mfukoni hamkuwa na hata soksi. Nadine akaapa kwamba aliziweka kwa mkono wake mwenyewe. Wakapekua, wakapekua tena. Mtoto, wa kiume, akafungwa katika kitenge chenye maji, na mpaka ipatikane nguo ya kuazima, baridi ilikuwa imeshamwingia. Siku ya tatu akafa.

Léontine, wifi yake Emilienne, ndiye aliyekuwa amemsindikiza. Alirudi na habari mdomoni, akampa Nadine jina la Mama Sahau, na jina likashika, maana majina mabaya hayahitaji gundi. Jean-Marie, mume, alilia siku nne, kisha akauliza mbele ya watu wote wa msibani, "Mwanamuke gani anasahau nguo za mutoto wake?" Akarudi kuchimba dhahabu Salamabila, na tangu siku ile anakuja nyumbani kama mgeni, siku mbili, tatu, anakwenda zake.

Na Nadine hakusahau kitu. Nguo zile alizitoa Emilienne.

Usimchukie upesi. Emilienne si mchawi, wala roho yake si mbaya kuliko yako na yangu. Ni mama aliyezaa saba akazika watatu, na bibi yake alimlea akimwambia kwamba mtoto hatanguliziwi nguo kabla macho hayajamwona. Ukimtangulizia, unawaonyesha wenye wivu mlango. Basi Nadine alipokwenda kuoga, yeye akaitoa layeti na kuificha katika kikapu cha karanga. Mpango wake ulikuwa mzuri, kama mipango yote ilivyo mizuri kabla ya mvua: kituo ni mwendo wa saa mbili, angeipeleka mwenyewe kesho yake, mtoto akishalia. Usiku huo mto ukajaa, daraja la miti likaenda na maji. Siku ya tatu alivuka, nguo kifuani, na kabla hajafika mlangoni akasikia kilio. Akazirudisha nyumbani, akazichoma nyuma ya jiko. Kofia ilichelewa kuungua.

Siku ya kwanza ya msiba alinyamaza kwa sababu ulimi haukuinuka. Siku ya pili Léontine alikuwa ameshasema. Kufikia arobaini, kunyamaza kulikuwa kumekuwa kazi yake, pamoja na kumtekea Nadine maji na kumwekea kipande kikubwa cha samaki, hata watu wakasema hakuna mama mkwe kama huyu. Alimpenda kweli, kwa mapenzi ya mwenye deni. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Emilienne alipata majuto, mjukuu akamkosa.

Na hata leo, niseme ukweli, nusu ya moyo wake iliziogopa zile nguo mpya mkekani. Nusu nyingine iliogopa zaidi kumwona huyu msichana akihesabu.

"Mama, kuja kidogo," Nadine aliita.

Emilienne akafuta mikono, akaja, akapiga magoti kando ya mkeka. Nadine akausukuma mfuko mbele yake.

"Uniangalilie weye," alisema. "Miye siamini tena hii mikono yangu. Macho yako ndiyo naamini."

Emilienne akatia mkono mfukoni. Akagusa sabuni, akagusa fishi, vidole vikafika kwenye kofia, laini, ya uzi. Angeweza kusema viko vyote, mwanangu, tufunge. Na lingekuwa neno la kweli. Angekwenda Kasongo, angepika uji, angempokea mtoto, na angekufa mzee akisifiwa. Huko barabarani pikipiki ya Pitchou ilikuwa imeanza kusikika. Alijua kwamba akisema atampoteza Nadine, pengine na Jean-Marie, aliye mwanawe wa pekee wa kiume, anayempigia simu kila Jumapili. Akaona haya, haya iliyompanda mpaka masikioni.

"Hukusahau, Nadine," alisema. "Ni miye nilizitoa mu mufuko. Wakati ulikuwa unaoga."

Akaeleza yote, bibi yake, karanga, mto, moto nyuma ya jiko. Pitchou aliingia uani, akazima pikipiki, akasalimia.

"Na hii miaka miwili yote ulikuwa unajua," Nadine alisema.

"Nilikuwa najua."

Emilienne alingoja matusi. Angeyapokea vizuri, maana matusi yana mwisho. Lakini Nadine alinyoosha mkono, akachukua simu dirishani, akampa.

"Mupigie Jean-Marie. Mwambie vile umeniambia. Usipunguze."

Pale nyumbani rezo, mtandao wa simu, hushika mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya choo. Emilienne akapanda, roho mkononi, na kwa sababu rezo ilikuwa dhaifu ikabidi aseme kwa sauti kubwa. Pitchou akasikia neno kwa neno, naye Pitchou mdomo wake hauna breki. Kabla ya jua kuchwa hata kijiji cha pili, Lusangi, wangejua, na Léontine kabla yao. Emilienne alilijua hilo pia. Akasema yote, hakupunguza. Alipomaliza, kutoka Salamabila zilisikika nyundo zikiponda mawe.

"Mama," Jean-Marie alisema, na sauti yake haikuwa ile ya Jumapili. "Mupe Nadine simu."

Akashuka ameishika kwa mikono miwili, hatua kwa hatua, rezo isikatike. Na kwa rehema za Mungu siku hiyo haikukatika. Nadine alikuwa amekwisha kusimama, kitenge amekifunga juu ya tumbo, anamwonyesha Pitchou mahali pa kufungia sufuria. Sauti ya Jean-Marie ilikuwa inamwita. Aliisikia, wote waliisikia. Hakunyoosha mkono.

"Mwambie angoje," alisema. "Miye nilingoja miaka miwili."

Emilienne akabaki amesimama na simu, hajui aizime au aiweke chini. Hakuthubutu kuuliza kama bado kuna nafasi yake kwenye pikipiki.

"Na weye vaa viatu," Nadine akamwambia bila kumtazama. "Kule Kasongo nani atanipikia?"

Emilienne akavaa viatu, kwanza cha kushoto, kisha cha kulia, huku mwanawe angali anaita mkononi mwake, "Nadine? Nadine, uko hapo?"