Ukuta wa Kidoti

Tangu yeye na mumewe wamzike binti yao, Kidoti, watu wa mtaani hawakujua wamwiteje mama huyo. Zamani alikuwa Mama Kidoti kwa kila mtu, kuanzia muuza mkaa hadi nesi wa zahanati. Baada ya homa kumchukua mtoto akiwa na miaka mitano, jina hilo likawakaa watu kooni. Wengine walimwita dada, wengine walivuka barabara wakijifanya hawakumwona. Mumewe naye alivumilia kidogo, kisha akahamia kwa kaka yake, akisema nyumba inamkaba.

Aliyembakia ni wifi yake, mshonaji wa mapambo, mwanamke asiyejua kukubali hapana. Jumamosi moja alimshika mkono akampeleka kwenye chumba kilicho juu ya duka la vioo, ambako yeye na wenzake wawili walifanyia kazi zao pamoja. Mmoja alikuwa mchonga mbao, mjane mnene wa mikono waliyemwita Patasi. Wa pili alikuwa mpiga picha, dada mmoja mkimya.

"Tukuiteje?" Patasi aliuliza.

"Mama Kidoti."

"Basi Mama Kidoti, vuta kiti. Chai imeharibika, nimeipika mimi."

Kazi ya Mama Kidoti ilikuwa kuchora vitabu vya watoto, lakini tangu msiba penseli ilimshinda. Kila Jumamosi alikaa tu, wenzake wakichonga na kushona. Hakuna aliyemwambia ajikaze, na kwa hilo tu alirudi.

Kisha mwenye nyumba akaja. Nyumba imepata mnunuzi; ahame mwisho wa mwezi, na kuta zipakwe rangi. Alisema kwa upole, akatoa na pole. Lakini chumbani kwa Kidoti, chini ya dirisha, mtoto alikuwa amechora ukuta mzima kwa krayoni. Siku ile mama alimgombeza. Siku hizi alilala sakafuni pembeni ya ukuta huo.

Aliposimulia hayo Jumamosi, alilia hadi kwikwi ikamshika. Wenzake walifungasha vifaa vyao wakaenda naye nyumbani.

Mpiga picha alipiga kila kipande cha ukuta, taratibu, akichuchumaa na kuinuka. Patasi akajaribu kukata plasta itoke nzima. Plasta ilikuwa kuukuu. Ikamwagika vumbi, na kuku mmoja aliyechorwa akaondoka nayo. Patasi aliweka chombo chini, machozi yakimlenga.

"Nisamehe, mama. Nilidhani nitaweza."

"Tuache," wifi alisema. "Tutaishia kuuvunja wote."

Ikabaki rangi. Kabla ya kupaka, wifi aliuliza, "Huyu kuku je, mbona ana miguu sita?"

"Alisema anakimbizwa, miwili haitoshi."

Wifi alicheka, akampaka rangi. Wakaenda hivyo, mchoro kwa mchoro: wanauliza, mama anaeleza, brashi inapita. Mtu mwenye kichwa kama chungu alikuwa mama mwenyewe, na huyo alimpaka kwa mkono wake.

Lakini rangi ilipoanza kukauka, nta ya krayoni iliikataa. Michoro yote ikachungulia tena.

"Siwezi kumfuta mara mbili," mama alisema, akakaa chini.

Wifi alikaa nyuma yake akamkumbatia. Patasi akakwangua nta, mpiga picha akafuata na rangi ya mafuta, hadi ukuta ukawa mweupe.

Alasiri mumewe alikuja kubeba kitanda. Alisimama mbele ya ukuta wenye rangi mbichi.

"Mimi alinichora?"

"Alikuchora bila mikono. Alisema umeisahau kazini."

Mwanaume alichuchumaa akalia kama mtoto. Mkewe hakuwa na nguvu ya kumshika. Aliyemshika ni Patasi. Baadaye mume na mke walitoa kitanda nje pamoja, na mume akarudi nacho kwa kaka yake.

Mama Kidoti alihamia kwa wifi. Jumamosi iliyofuata alikuwa juu ya duka la vioo, karatasi mbele yake. Alivuta mstari mmoja, akauangalia, akalaza kichwa mezani. Mpiga picha alisogeza kiti chake karibu, mabega yao yakagusana, akaendelea na kazi yake.