Vipande sitini na vinne

Saa tatu asubuhi Dieudonnée alikuwa ameketi barazani kwao Kabambare, vipande sitini na vinne vya karatasi mapajani, na mguu wake haukutulia. Matanga ya baba yake yalikuwa yaondolewe siku ile. Kwao, mpiga ngoma ya gogo haagwi kwa mdomo. Jina lake la ngoma, mapigo ya juu na ya chini aliyojitaja kwayo, hupigwa mara tatu, na likianza kulia ndipo wafiwa wanainuka mikekani. Jina hilo halifundishwi kwa maneno, hata kwa watoto wake. Hupokewa ngoma kwa ngoma. Na wale waliolipokea kwa baba, vita viliwatawanya, wengine wamekwisha kufa.

Kilichobaki ni sauti kwenye simu. Mwaka jana, Dieudonnée alipojifungua mtoto mjini Kasongo, baba aliipiga habari hiyo kwenye gogo lake, na Faida, mdogo wake Dieudonnée, akairekodi, akamtumia dada yake. Mle ndani, mahali fulani, baba alikuwa amejitaja zaidi ya mara moja, kama afanyavyo kila mtuma habari.

Fidèle, mpiga ngoma aliyeletwa kwa pikipiki kutoka Lusangi, alisikiliza mara mbili akasema mapigo yanakimbia kama maji, hajui jina linaanzia wapi. Tena alitaka kurudi kabla ya mvua.

Kwa hiyo tangu jana Dieudonnée alikuwa anaandika: J kwa pigo la juu, C kwa la chini. Binamu yake anayesoma informatike, mambo ya kompyuta, huko Kindu alikuwa amemwelekeza. Aandike mstari mzima wa mapigo sitini na manne. Auandike tena akiacha pigo la kwanza, tena akiacha mawili, hivyo hivyo hadi libaki moja. Kila mkia unaobaki uwe kwenye karatasi yake. Kisha aipange mikia kama maneno ya kamusi. Inayoanza sawa itakuja kukaa jirani yenyewe, na sehemu ile wanayofanana majirani ndiyo iliyorudiwa.

Majirani wawili walifanana kwa mapigo kumi na mawili. Hakuna waliofanana kwa urefu zaidi. Akayagonga kwa vidole kwenye kiti ili Fidèle asikie.

Fidèle akacheka. "Mama, hiyo iko ya kuita watu tu. Hata mimi naipigaka. Ukimupa baba hilo jina, Lusangi nzima itaitika."

Faida naye alicheka, akajiziba mdomo. Shangazi yao akauliza kutoka mkekani kama siku hizi matanga yanaondolewa kwa daftari. Wingu lilikuwa limeshafika juu ya migomba. Dieudonnée alizikusanya karatasi, akazitawanya, akazikusanya tena.

"Papa Fidèle," akasema, "piga habari yako. Yoyote."

Fidèle alinung'unika, lakini akapiga: kwamba anatoka Lusangi, kwamba mvua inakuja. Dieudonnée akaandika. Halafu kila mfuatano wa mapigo uliorudiwa katika habari ya baba na uliokuwamo pia katika ya Fidèle, akaufuta. Maneno ya kuita ni ya wote; jina lina mwenyewe. Kalamu ilipita, ikapita, na mwisho ikabaki mikia mitatu iliyokaa pamoja, ikianza kwa mapigo saba yale yale. Alikuwa ameiona tangu asubuhi akairuka, kwa sababu alikuwa anatafuta mfuatano mrefu.

Alimpa Fidèle karatasi. Fidèle akayapiga mapigo saba polepole, mara moja, akasimamisha mikono.

"Hii nilikuwa naisikia nikiwa mutoto," akasema. "Ilikuwa inavuka mto, jioni. Sikujuaga iko ya nani."

Akaanza upya, kwa nguvu. Shangazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka. Mikeka ikaanza kukunjwa, wanawake wakikung'uta kanga. Dieudonnée alibaki ameketi, akifuata kwa vidole, pigo kwa pigo, hadi jina la tatu lilipokwisha na la nne halikuja.

Faida akamshika dada yake kiwiko.

"Yaya, inuka. Bote bamesimama."