Ametutoka

Lori la maziwa lilipoanza kupanda kuelekea Molo, ukungu ukalipokea. Jeruto, muuguzi kijana aliyemaliza chuo mwaka uliopita, alikuwa amebanwa kati ya dereva na mgonjwa, akirudia moyoni maneno atakayomwambia mama mtu: uji mwepesi, kitanda mbali na moshi, jembe lisishikwe hadi mvua za mwaka ujao, na kidonda cha ubavuni, palipotolewa usaha, kisafishwe kila siku. Alikuwa na haya sana. Maneno asipoyapanga mapema yalimkimbia.

Mgonjwa mwenyewe, Chepkemei, alijifunga blanketi jeupe la hospitali. Homa ilikuwa imemkausha, na kichwa kilikuwa bado kipara tangu aliponyolewa wodini.

Hiram, dereva, ndiye aliyetumwa kupeleka habari kwao wiki iliyotangulia. Jeruto alikuwa amemwagiza aseme tu kwamba Chepkemei ametoka, wajiandae, ataletwa.

"Nilifikisha, sista," alisema Hiram. "Tena sikusema kavukavu hivyo. Nilisema kwa heshima, kama wanavyotangaza kanisani. Chepkemei ametutoka, ataletwa."

Ile "tu" ndogo Hiram aliitia kwa adabu, kama mtu anayeongeza sukari kwenye chai ya mgeni. Jeruto akamweleza polepole maana yake. Hiram akasema kumbe ndiyo maana yule mama alikaa chini matopeni.

"Basi nimekufa," alisema Chepkemei akicheka, na kicheko kikageuka kikohozi.

Lori liliwashusha kwenye kambi ya vibarua wa mashamba ya pareto. Hakuna mtoto aliyekimbia kuja kuwatazama. Milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine, taratibu, bila kelele. Uani kwa kina Chepkemei palikuwa na jivu jingi, na ndani ya jivu mguu wa kitanda chake ambao haukuungua wote. Mama yake, Cheptanui, alisimama kizingitini. Naye alikuwa amenyoa kichwa.

Hakupiga yowe. Alimtazama Jeruto peke yake, akasema kwa lugha yao, "Mlituambia mnaleta mwili. Mbona mmeusimamisha?"

Jeruto alieleza kosa la dereva, akaeleza tena. Kisha akayatoa yale aliyoyapanga. Cheptanui aliitikia kila neno. Uji, ndiyo. Kitanda, kitatafutwa. Jembe, hapana. Jeruto alikaribia kushusha pumzi, mpaka alipomwona mama akitoka na kibuyu cha maziwa, akakiweka nyasini mbali na miguu ya binti yake, na kurudi kinyumenyume, uso kando.

"Kunywa uridhike," alisema. "Usitusumbue."

Hapo Jeruto akaelewa. Yote yangetimizwa, bila kukosa hata siku moja, kama wanavyolishwa wale waliotangulia.

Chepkemei alikitazama kibuyu. "Sista," alinong'ona, "una hakika sijafa?"

Maneno yote ya Jeruto yalipotea. Alimkalisha Chepkemei kwenye gogo, akafunua blanketi, akafungua bendeji.

"Mama, kidonda hiki hakisafishwi kwa mbali," alisema, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe. "Nawa, ulete mkono."

Cheptanui alisimama hata Jeruto akadhani hatakuja. Kisha akanawa kwenye pipa la maji ya mvua, akaja. Jeruto alimshika kiganja, akakilaza juu ya mbavu, kando ya kidonda. Mbavu zilipanda, zikashuka.

"Mama," alisema Chepkemei, "mkono wako ni baridi."

Cheptanui aliuondoa upesi, akarudi nyuma. Alisimama akiutazama mkono ule. Halafu akaupeleka mdomoni, akaupulizia pumzi, akausugua kwa leso hadi ukapata moto, na kuurudisha palepale.

Jina la binti yake bado hakulitaja.