Kunong'ona Nako ni Kusema

Kazi yangu ni kunadi mitumba sokoni, mwaka wa kumi na nne huu, na sauti ndiyo jembe langu. Ilipoanza kukwaruza nikasingizia vumbi. Daktari wa koo akapitisha kamera puani, akasema kuna kinyama kimeota kwenye nyuzi za sauti. Kikatolewa kupitia mdomoni, mimi nimelala fofofo, na siku hiyohiyo nikarudishwa nyumbani.

Mama mkwe akanikagua shingo yote akitafuta mshono. "Mbona sioni kovu? Wamekupasua kweli hawa?"

Daktari alikuwa ameniambia nisiseme siku saba, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu mwenye akili. Ila moyoni nikajiambia, kunong'ona si kusema. Basi siku ya pili nzima nikawa namnong'oneza mama mkwe umbea wa sokoni, naye sikio zito, kila neno nalirudia mara tatu.

Wifi yangu, ambaye ni nesi, akatufumania. "We mwanamke! Nani kakuruhusu?" Akanieleza kwamba kunong'ona kunazikaza zile nyuzi, kidonda kikachelewa kupona, na kikiacha kovu sauti huenda isirudi ilivyokuwa. Hata kujikohoza nisafishe koo, marufuku. Likiwasha, ninywe maji. Sasa nitanadi na nini mimi? Nikalia, tena kimyakimya, maana na kwikwi nazo zilikatazwa.

Tangu hapo nikafunga mdomo kwelikweli. Aliyefunguka ni mume wangu, fundi viti, mtu ambaye siku zote mazungumzo yake ni "ehe" na "haya basi". Sasa kutwa nzima anabwabwaja. "Mke wangu, nani kati yetu anakoroma? Umenyamaza? Basi ni wewe." Mara, "Lile kochi lako la kijani nimempa dada. Una neno?" Nikamwandikia kwenye daftari: NGOJA NIPONE. Akaisoma kwa sauti, akacheka mpaka akashika mbavu. Nilitamani kumrushia kiatu. Nikamrushia.

Siku ya nane tukaenda wote kliniki. Daktari akachungulia, akasema pamepona vizuri, ila sauti hairudi kwa siku moja: leo dakika tano tu, kesho kidogo zaidi, na sokoni nisahau kwanza. "Haya, sema kitu."

Niliogopa, jamani. Nikafumbua mdomo, nikamwita mume wangu lile jina ninalomwita tukiwa wawili tu. Sauti ikatoka nyembamba, imechakaa, lakini ilikuwa yangu.

Nikageuka nikitegemea kumkuta anacheka. Alikuwa ameinama, mabega yanatikisika.

"Wiki nzima naongea peke yangu kama kichaa," akasema, akijifuta macho kwa mkono wa shati. "Ile nyumba ikiwa kimya inanitisha. Hizo dakika tano, nitukane zote."