Mlango wa Magofu

Saa moja na robo asubuhi Mastura binti Huseni alisimama mbele ya mgahawa wa kahawa uitwao Magofu, Kilwa Masoko, akafuta viatu vyake kwenye mkeka, akasema bismillahi, akasukuma mlango wa kioo. Kengele ndogo ya juu ya mlango ikalia. Alihisi ubaridi wa kiyoyozi mashavuni, na harufu ya kahawa ikamjaa puani. Hatua iliyofuata ilimfikisha uani, nyuma ya jengo, kati ya pipa la machicha ya kahawa na kamba iliyoanikiwa aproni nne nyeusi. Paka alikuwa amelala juu ya pipa. Mastura akampita, akatokea geti dogo la uani, akazunguka jengo zima na kurudi mbele kujaribu mara ya pili. Mara ya pili paka alikuwa ameshaamka.

Ilikuwa siku ya kumi na moja ya kujaribu. Siku ya kumi na tatu alitakiwa kusafiri kwenda Dar es Salaam, ambako daktari angempasua tumbo na kutoa uvimbe. Alikuwa amesikia kwamba wapo wanaochomwa sindano ya usingizi wasiamke tena. Hilo halikumtisha sana, kwa kuwa siku ya kufa ya mtu imeshaandikwa. Kilichomnyima raha ni neno moja alilomwambia binti yake Zakia ndani ya mgahawa ule, ambalo hakutaka kulala juu ya kitanda cha hospitali kabla hajaliondoa.

Zakia ndiye aliyesimama kaunta ya Magofu. Marehemu baba yake, Musa, aliuza kahawa chungu katika mji huohuo kwa miaka ishirini na sita, akitembea na dele lake juu ya makaa na kugonganisha vikombe ili watu wajue anapita. Mastura alipika kashata. Mtoto akakua kati ya moshi wa baba na sukari ya mama, akapelekwa chuo cha hoteli Dar, na aliporudi alirudi na kazi. Mwenye mgahawa aliitwa Brighton, kijana mpole aliyekuja kutoka Dar, aliyezungumza juu ya kahawa kwa sauti ya chini kama mtu aliye karibu na mgonjwa.

Siku mgahawa ulipofunguliwa, mlango ulikuwa bado mlango wa kawaida. Mastura alivaa kanga mpya akaenda kumwona mwanawe kazini. Aliingia, akatoa salamu, kisha akafanya kama anavyofanya mtu yeyote wa pwani anapokuta watu wamekaa kwenye kahawa: alipita kila meza akampa mkono kila mmoja na kumuuliza hali ya nyumbani kwake. Mwanamke mmoja mgeni alilazimika kuvua vitu alivyozibia masikio. Kijana mmoja mwenye kompyuta hakuinua macho, na Mastura akasubiri na mkono wake hewani mpaka kijana akampa vidole viwili. Alipofika kaunta alikuwa amefurahi.

"Nipe kahawa, mwanangu," alisema.

Zakia hakumwamkia. Alisema karibu Magofu, nikuhudumie nini, kwa sauti ambayo mama yake hakuwahi kuisikia. Brighton akaja kusaidia. Alieleza kwamba kahawa ya siku hiyo ilikuwa na ladha ya mbali ya limau na ya ua la asumini, akauliza mama angependa kuonja nini ndani yake. Mastura akasema angependa kuonja kahawa, na tangawizi kidogo. Brighton akatabasamu, akasema pale hawaifichi kahawa kwa viungo. Zakia akapima punje kwenye mzani, akamimina maji kwa kuzungusha, akaleta kikombe. Mastura akainywa kama kahawa inavyonywewa, kwa kuivuta kwa sauti ili isimuunguze ulimi. Watu wa meza mbili wakageuka. Hapo Brighton akainama, akamuuliza Zakia polepole kama anamfahamu huyu mama.

"Ni mtu wa hapa jirani," Zakia alisema.

Mastura aliweka kikombe chini bila kukimaliza.

"Basi radhi zangu huna," alisema, akatoka.

Usiku huo hakupata usingizi. Aliswali rakaa mbili, akalia, akaona kwamba hasira ya mama si kitu cha kumwachia mtoto. Asubuhi alirudi kulifuta neno lake, na ndipo mlango ulipomtoa uani kwa mara ya kwanza.

Baada ya wiki moja ikajulikana kuwa si yeye peke yake. Wageni waliokuja kuona majengo ya kale ya Kisiwani waliingia bila taabu. Maofisa wa kutoka mkoani waliingia. Kijana yeyote aliyetoka Dar na kompyuta yake aliingia, hata kama kwao ni kijijini Pande na alichunga mbuzi mpaka darasa la saba. Watu wengine wote wa mji walisukuma mlango, wakasikia kengele, wakatokea kwenye pipa. Kwa kuwa mbele ya Magofu kulikuwa na barabara kubwa, na nyuma yake kulikuwa na soko na stendi, watu waliona ni njia ya mkato. Hapo awali ilibidi kuzunguka ukuta mrefu wa ghala. Sasa wanafunzi walipita pale kwenda shule, na wanawake walipita na ndoo. Jeneza la mzee mmoja lilipitishwa pale siku ya jua kali, na wanaume waliolibeba walitokea uani kabla hawajahitaji kubadilishana mabega. Waliokaa ndani hawakuona mtu akipita.

Jirani yake Mastura, Maftaha, aliyeuza pweza wa kukaanga, alipita mara nne kwa siku na sinia kichwani. Hakuelewa shida ya mwenzake.

"Shoga, wewe unataka kuingia, mimi nataka kufika sokoni," alimwambia. "Ukitaka kufika sokoni, ule mlango hauna kasoro."

Brighton hakuwa mtu mbaya. Alipoona mkeka unachakaa alinunua mkubwa zaidi, na akabandika karatasi iliyowaomba wapita njia wafute miguu na wasiingize pikipiki. Aliwaambia wateja wake kwamba anafurahi kuona wenyeji wanaanza kupazoea mahali pale. Mwenyekiti wa mtaa alikwenda kuzungumza naye, akatokea uani. Akaandika barua. Mhudumu wa ofisi akaipeleka, akatokea uani na barua mkononi, na kwa kuwa alishakaribia soko akanunua nyanya za nyumbani kwake, akarudi. Barua ikawekwa kwenye faili, na katika kikao kilichofuata ile njia iliandikwa miongoni mwa njia za waenda kwa miguu.

Msikitini nako suala lilizungumzwa. Mtu anapoingia nyumba ya watu hutanguliza mguu wa kulia na kusoma dua yake, na anapotoka ana dua nyingine. Pale Magofu kuingia na kutoka kulikuwa hatua moja. Wengine walishika dua ya kuingia, wengine ya kutoka, na mmoja alipita kwa kuruka miguu yote miwili mpaka akaumia kifundo. Shehe Yahya alifikiri siku tatu. Kisha akasema kila mtu atazamwe kwa nia yake: anayepita njia ni mpita njia, na mwenye nia ya kuingia atangulize wa kulia na asome dua ya kuingia, hata kama haingii. Watu wakaridhika. Mastura aliposikia upande wa wanawake alijua kwamba sehemu ya pili ya hukumu ilikuwa yake peke yake.

Alimfuata Shehe baada ya swala, akamweleza habari ya radhi. Shehe akamwambia amuombe Mungu, naye amfutie neno lile, kwani Mungu anasikia palipo na ukuta na pasipo na ukuta.

"Mungu nimeshamwambia, Shehe," Mastura alisema. "Asiyeambiwa ni Zakia."

Shehe Yahya naye alikuwa ameshajaribu kuingia mara mbili, kwa ajili ya mchango wa kisima.

Zakia alipiga simu siku ya tano, wakati wa mapumziko. Simu za wafanyakazi zilikaa kwenye kikapu kazini, na alikuwa na dakika chache. Aliamkia kwanza, tena kwa sauti yake ya zamani, na mama akaitikia marahaba. Kisha akauliza kwa nini mama haji. Mastura akamwambia anakuja kila siku, anatokea uani. Zakia akampa maelekezo kwa upole, kama anayemfundisha mtu dawa ya kumeza: asije na kikapu, avae viatu vya kufunika, asitoe salamu kwa watu asiowajua, na akifika aombe spreso, asiseme kahawa.

Mastura akamuuliza kwa nini yeye asitoke nje, hata kwa dakika moja.

"Mama, mimi ni wa hapa pia," Zakia alisema. "Nikitoka, sina hakika kama nitaingia tena."

Ndipo Mastura alipojua kwamba binti yake hakuwa ametoka tangu siku ya ufunguzi. Alikuwa analala kwenye stoo, juu ya magunia ya kahawa, na alikuwa anakula vilivyobaki mezani. Ile siku ya kwanza alikuwa ameukana uso wa mama yake ili abaki ndani, na sasa alikuwa amebaki. Mastura alitaka kusema neno lake palepale, lakini alilisema lile la kwanza uso kwa uso, na aliona ni uoga kuliondoa kwa simu. Akamwambia atakuja. Hakumwambia habari ya uvimbe, kwani sauti ya Brighton ilisikika ikiita, na simu ikarudi kikapuni.

Aliyafuata maelekezo yote. Aliazima viatu vya mpwa wa Maftaha, vilivyombana. Aliliweka neno spreso mdomoni mchana kutwa, katikati ya tasbihi zake, mpaka akalitamka vizuri. Aliacha kikapu, akapita barazani kwa watu bila kuwasalimu, na watu wakamuuliza Maftaha kama wamemkosea. Siku ya tisa alifanya jambo ambalo baadaye lilimfanya aombe msamaha mpaka alfajiri: alisukuma mlango bila kusema bismillahi, kwa kuwa alihisi huenda ndiyo inayomtambulisha. Alitokea uani vilevile. Mlango wa nyuma wa jikoni haukuwa na kitasa upande wa nje, na aligonga mpaka vidole vikauma. Ndani walikuwa na muziki.

Siku ya kumi na tatu alifika na begi la safari. Gari dogo la kwenda Nangurukuru lilikuwa linaondoka saa mbili, na huko angekutana na basi la kutoka Mtwara. Safari hii hakwenda mlangoni. Alikwenda kwenye kioo kikubwa cha mbele, akagonga kwa pete.

Zakia alikuwa anapima punje. Aliinua kichwa, akamwona, akaweka kijiko chini. Akaja mpaka kwenye kioo. Walikuwa wamesimama karibu sana, na Mastura akaona amekonda, na kwamba chini ya jicho la kushoto alikuwa na unga wa kahawa ambao alitamani kuupangusa. Nyuma yake Brighton alikuwa anamweleza mgeni mmoja jambo huku ananusa kikombe.

"Nina radhi nawe, mwanangu," Mastura alisema. "Lile neno nimelifuta. Duniani na akhera nina radhi nawe. Nakwenda kupasuliwa, uniombee."

Kioo kilikuwa kinene, kwa ajili ya kiyoyozi. Zakia akasogeza sikio, akakunja uso, akatikisa kichwa kuonyesha kwamba hasikii. Mastura akarudia kwa sauti kubwa zaidi, mpaka waendesha bodaboda wa ng'ambo ya barabara wakasikia neno kwa neno, na mmoja wao akasema amin. Zakia hakusikia. Midomo yake ilisema kitu kifupi. Kingeweza kuwa shikamoo, kingeweza kuwa karibu. Mastura akaitikia marahaba, isije ikawa ilikuwa shikamoo.

Hapo Brighton alitazama upande wao. Zakia akanyoosha mgongo. Uso wake ukakaa sawa, akatabasamu kama alivyofundishwa kutabasamu, akanyoosha mkono mmoja na kumwonyesha mama yake mlango, kwa adabu, kama anavyowaonyesha wote.

Mastura akachukua begi lake, akaenda kule alikoonyeshwa. Kengele ililia.

Alifika stendi kabla ya abiria wengine, akapata kiti cha mbele. Dereva, aliyekuwa anafunga mizigo, alimwamkia, akamuuliza kama safari ndefu kama hiyo hakuna hata mtu wa kumsindikiza.

"Binti yangu amenisindikiza," Mastura alisema. "Mpaka mlangoni."

Dereva akasema hayo ndiyo malezi, siku hizi watoto wa namna hiyo ni wachache. Akafunga buti, akawasha gari.