Asubuhi Mikopo Ilipofungwa Kote

Kwa miaka thelathini alikaa kwenye dawati la mikopo, na wateja walimwita Miwani kwa jinsi alivyokuwa akiishusha miwani hadi puani kabla ya kumuuliza mtu, "Haya, niambie ukweli, biashara inakwendaje?"

Enzi zile kila benki ilikuwa na Miwani wake. Huyu akikunyima, unavuka barabara kujaribu kwa yule. Miwani mwenyewe aliwahi kumkatalia fundi viatu mmoja. Benki ya jirani ikamkopesha, akafungua kiwanda. Wenzake walimtania kwa hilo mpaka akastaafu.

Kisha ikaja akili bandia, programu moja kwa benki zote, jibu kwa dakika moja.

Jumatano moja mpwa wake, ambaye sasa ndiye meneja wa tawi lilelile, alimpigia simu.

"Mama mkubwa, mashine imewafungia mikopo waoka mikate wote. Bei ya unga ilipanda siku tatu tu, ikaona hatari."

"Si waende benki nyingine?"

"Zote zina mashine hiyohiyo. Zimekataa asubuhi moja! Sasa vinu vya kusaga unga vimekosa wanunuzi, navyo vimefungiwa mikopo."

Miwani alivaa viatu, akaenda. Ukumbini, mwoka mikate aliyekuja kukabidhi funguo za duka lake alikuwa amesimama mbele ya meneja.

"Sigombi, mwanangu. Nataka kujua tu, nani ameniamulia?"

Meneja hakuwa na jina la kumtajia. Miwani alikuwa amewanyima watu wengi maishani mwake, lakini kila mmoja alijua amenyimwa na nani.

Akavuta kiti. "Kaa, dada. Nieleze tangu mwanzo."

Makao makuu yalikubali shingo upande aamue yeye badala ya mashine. Kwa wiki mbili alisikiliza watu, akakubali, akakataa, akatia saini. Benki nyingine nazo zikawaita wastaafu wao. Matanuri mengi yaliwashwa tena. Vinu viwili havikufunguliwa kamwe.

Mpwa wake alimsihi abaki. Miwani akacheka. "Magoti yamegoma. Ila barua ya kumkatalia mtu isitoke hapa bila jina lako na simu yako."

"Watanipigia usiku na mchana!"

"Ndiyo. Mimi walikuwa wananifuata hadi sokoni," alisema Miwani.