Siki Katika Chupa ya Dokta Hatem

Mama yangu, Bi Masouda, hajapata kuharibu kitu kwa ubaya. Huharibu kwa mapenzi, na hilo ndilo gumu, maana huna pa kuanzia ugomvi.

Chupa niliiweka mwenyewe kabatini kwake, nyumbani Ansab, stoo ya maabara yetu ilipokuwa ikipakwa rangi. Ndani, katika spiriti ya kuhifadhia, mlikuwa na vipepeo wa bahari: konokono wadogo kama ufuta, wanaoelea katika maji ya barafu kule kusini kabisa mwa dunia, magamba yao yanapitisha mwanga. Mwalimu wangu, marhumu Dokta Hatem, aliwavua ujanani mwake, kabla moshi wetu wa viwanda na magari haujazama baharini na kuyazidisha maji yale ukali. Mimi nilikuwa na wa mwaka huu, wa bahari ileile. Jumapili ningewapima wote, nijue gamba limeliwa kiasi gani. Bila wale wa zamani sina cha kulinganisha.

Alhamisi nikaenda kuichukua. Magamba hamna. Vilibaki vijinyama tu, vimelegea chini ya chupa.

"Mama, chupa hii kaigusa nani?"

"Mie," akajibu, hana wasiwasi. "Nafungua kabati, nanusa khamri. Khamri, Ruqaya, na humo mna misala na misahafu! Nikaimwaga. Nikasema vidudu vyako visije vikaoza, nikavitilia siki. Siki halali, na achari yangu yakaa mwaka mzima."

Laiti angekuwa mtu mwingine, ningemtolea maneno. Spiriti ile ndiyo iliyoyalinda magamba. Siki huyala, kama maji makali yanavyoyala huko baharini, ila siki ina haraka zaidi. Nikakaa sakafuni nikalia, mtu mzima na shahada zangu.

Mama akaja kukaa kando yangu. Nikamweleza yote, na habari ya bahari pia. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Basi si utapanda meli, ukawavue wengine?"

"Wengine wapo, mama. Lakini wa leo magamba yao yameshaanza kuliwa. Wa maji ya zamani hawapatikani tena."

Akaichukua chupa, akaielekeza dirishani, akatafuta muda mrefu. Nami nikajuta kumweleza.

"Mie nlidhani nawahifadhi," akasema. "Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe, mama. Hukujua."

"Na hao wanaoitia bahari ukali, wao hawajui?"

Nilifungua kinywa nimjibu kwamba wanajua, miaka mingi sasa. Nikasikia gari langu pale nje ya geti. Nilikuwa nimeliacha linaunguruma tangu nilipoingia, kiyoyozi kisizimike, nisije nikakuta kiti cha moto.